Kobalti yenye urani: hofu ya Toronto, foleni ya Kasumbalesa

Tangu Oktoba 16, 2025, kobalti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (DRC) inatoka nje kwa mgao. Serikali ya Kinshasa ilikuwa imefunga usafirishaji wake tangu Februari 22 mwaka huo ili kunusuru bei iliyoporomoka. Kisha ikafungua mlango nusu: tani 18,125 kwa miezi iliyokuwa imebaki ya 2025, na tani 96,600 kwa mwaka 2026 na kiasi hichohicho kwa 2027. Kwa wenye malori wa Tunduma, mawakala wa forodha wa Kasumbalesa na wenye maghala wa Dar es Salaam, takwimu hizi ndizo zinazoamua kama gari lililopeleka salfa Kolwezi litarudi na mzigo au litarudi tupu.

Mjadala wote sasa ni wa tani: nani kapewa ngapi, nani kanyimwa. Hata hivyo kobalti ya Kolwezi iliwahi kukwama ghalani miaka saba kabla ya mgao huu, kwa sababu isiyohusu bei wala amri ya kufunga mpaka. Ilikuwa na urani ndani yake. Waliopiga kelele wa kwanza hawakuwa madereva wala majirani wa mgodi. Walikuwa wenye hisa wa Toronto, Kanada. Kisa chao kinafaa kusomwa upya na kila mtu anayeishi kwa kubeba, kupokea au kununua mzigo wa mtu mwingine mpakani.

Novemba 6, 2018, kampuni ya Katanga Mining, iliyokuwa imeorodheshwa katika Soko la Hisa la Toronto, ilitangaza kusimamisha kwa muda uuzaji na usafirishaji wa kobalti kutoka mgodi wake wa Kolwezi. Mgodi huo unaendeshwa na Kamoto Copper Company (KCC). Asilimia 75 ya KCC ilikuwa ya Katanga Mining na asilimia 25 ya upande wa Gécamines, shirika la madini la serikali ya Kongo. Katanga Mining yenyewe ilikuwa mkononi mwa Glencore ya Uswisi, iliyomiliki zaidi ya asilimia 86 ya hisa zake. Zilizobaki zilikuwa za watu binafsi na mifuko ya uwekezaji. Hawa ndio wanaoitwa wanahisa wachache: wana karatasi ya umiliki, lakini hawana usemi.

Tangazo lenyewe lilikuwa fupi. Urani imebainika katika hidroksidi ya kobalti, kwa kiwango kinachozidi kile kinachoruhusiwa kupita katika bandari kuu za Afrika kwenda kwa wateja. Mionzi iliyopimwa hadi siku hiyo ni midogo, ikasema kampuni, na haihatarishi afya wala usalama. Kobalti iliyoathirika ni tani 1,472. Uzalishaji hautasimama, mzigo utawekwa ghalani mgodini, na utajengwa mtambo wa kuondoa urani kwa gharama ya dola za Marekani milioni 25, unaotarajiwa kuwa tayari kufikia katikati ya 2019.

Hisa zilianguka sokoni. Ukisoma tangazo hilo haraka utadhani soko lilipaniki bure. Mionzi ni midogo, mtambo utajengwa, mzigo haujapotea, sasa hofu ya nini? Lakini wenye hisa hawakuogopa mionzi. Waliogopa maneno mawili ya katikati: bandari na wateja. Mali iliyokuwa imehesabiwa kama faida ilikuwa imegeuka rundo la viroba lisiloweza kupita getini.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, lazima kwanza kuelewa kobalti ni nini katika mgodi kama wa Kamoto. Kolwezi wanachimba shaba. Kobalti ni zao la pili. Inakuja pamoja na shaba ndani ya jiwe lilelile, na gharama kubwa ya kuchimba, kusaga na kuyeyusha inabebwa na shaba. Ndiyo maana kobalti ikipanda bei, inakuwa kama maziwa kwa mfugaji anayefuga kwa ajili ya nyama: chakula cha ng'ombe kimeshalipiwa, kinachoingia kwenye ndoo ni ziada. Na mwaka 2018 ndoo ilikuwa inafurika. Kwa sababu ya betri za magari ya umeme, bei ya kobalti katika soko la metali la London ilipita dola 90,000 kwa tani katika robo ya kwanza na ya pili ya mwaka huo. KCC, iliyokuwa imesimamisha mitambo yake tangu Septemba 2015 ili kuikarabati, ilirejea kwenye shaba Desemba 2017 na kwenye kobalti miezi michache baadaye. Mtu aliyeshika hisa za Katanga Mining katika miaka yote hiyo ya subira alikuwa akingoja ndoo hiyo.

Sasa urani iliingiaje? Haikuwekwa na mtu. Ukanda wa shaba wa Katanga una urani katika miamba yake, hapa nyingi, pale kidogo, pengine hakuna kabisa. Shinkolobwe, karibu na Likasi, ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Machimbo hayo yalizibwa zamani, wachimbaji wadogo wakayarudia kwa kutafuta kobalti, na Januari 2004 rais akatoa amri ya kuyafunga. Kwa hiyo kukuta urani ndani ya jiwe la Katanga si jambo la kushangaza hata kidogo.

Jiwe lililosagwa huloweshwa kwa asidi ya salfuriki, ileile inayotengenezwa kwa salfa mnayoiona ikipanda kutoka bandarini Dar es Salaam kwenda juu. Asidi inayeyusha shaba. Inayeyusha na kobalti. Urani ikiwemo nayo inayeyuka, haiulizi ruhusa. Shaba hutolewa kwanza kwa njia ya kemikali na umeme, ikawa mabamba mekundu. Maji yanayobaki yenye kobalti hupelekwa upande wa pili, yakatiwa magnesia hadi kobalti igande na kuwa unga wenye unyevu, ndiyo hidroksidi yenyewe, na unga huo ndio unaofungwa kwenye viroba vikubwa na kupandishwa malorini. Urani isipozuiwa katikati, sehemu yake inaganda pamoja na kobalti. Hapo si suala la chuya kwenye mchele, kwamba utakaa upembue. Ni chumvi iliyozidi kwenye mchuzi. Ama uupitishe mchuzi mzima kwenye chujio la kemikali, na mtambo wa dola milioni 25 ulikuwa wa aina hiyo, wenye chembechembe za resini zinazoinasa urani wakati maji yanapita. Ama uuchanganye na mchuzi mwingine usio na chumvi hadi ladha ishuke.

Kanuni za kimataifa za kusafirisha vitu vyenye mionzi, zinazotolewa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA), zina mstari unaojulikana. Kwa urani asilia kiwango cha msamaha ni bekereli 1 kwa gramu. Kwa madini ya asili, hata yakiwa yamepitia kiwandani, mstari unasogezwa mara kumi, yaani bekereli 10 kwa gramu. Kwa hesabu ya haraka, bekereli 10 ni kama gramu 800 za urani katika tani moja. Lori la tani 30 lililogusa mstari huo limebeba takriban kilo 24 za urani zilizotawanyika ndani ya unga wa kobalti. Dereva hatadhurika kwa kukaa usukani siku chache mbele ya mzigo huo. Lakini ukivuka mstari, mzigo unabadilika jina. Unakuwa shehena ya daraja la 7, daraja la vitu vyenye mionzi, wenye alama, hati, vibali na bima zake, na kila nchi unayopita inataka kuarifiwa. Kampuni nyingi za meli hazitaki kabisa kuugusa; IAEA yenyewe imelishughulikia kwa miaka mingi tatizo la mizigo ya daraja hilo kukataliwa hata pale hati zote zinapokuwa sawa. Na hakuna kinachoizuia bandari au mwenye meli kuweka masharti makali zaidi ya hayo.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, hapa ndipo kiini kilipo. Tofauti ya kiroba kinachouzwa na kiroba kisichouzika haionekani kwa macho, haina harufu, haibadilishi uzito. Iko kwenye kipimo. Na kipimo hicho kikifanyika Dar es Salaam au Durban badala ya Kolwezi, mzigo unakuwa umeshavuka nchi moja au mbili, umeshalipiwa njia, na umekaa juu ya gari la mtu.

Turudi Toronto. Maswali ya wenye hisa yalikuwa manne, ingawa hayakuwa na uzito sawa.

Swali la kwanza lilikuwa la tarehe: mlijua lini? Kobalti ilianza kutoka mapema 2018, tangazo likaja Novemba. Kampuni ya kawaida ingeweza kuomba iaminiwe. Katanga Mining haikuwa na akiba hiyo ya imani. Desemba 2018, wiki chache tu baada ya tangazo la urani, ilifikia makubaliano na Tume ya Dhamana ya Ontario, msimamizi wa masoko ya hisa katika jimbo hilo, na ikakubali pamoja na baadhi ya maofisa wake kulipa zaidi ya dola za Kanada milioni 30. Makosa yaliyokubaliwa ni pamoja na kutoa takwimu zisizo sahihi za uzalishaji na akiba ya shaba katika miaka ya nyuma, na kutowaeleza wawekezaji ipasavyo hatari ya kuwategemea watu wenye ukaribu na watawala wa Kinshasa. Mtu aliyewahi kukosea kuhesabu shaba iliyopo ghalani anapokuambia kwamba kobalti iliyopo ghalani ina kasoro ndogo tu, una haki ya kuuliza mara mbili.

La pili lilikuwa la kibali. Kampuni ilizungumza kuhusu mtambo wa kuondoa urani kana kwamba ni suala la fedha na mafundi. Kinshasa haikuliona hivyo. Urani nchini Kongo si madini ya mwenye leseni ya shaba. Iko chini ya mkono wa dola, na ukishajenga mtambo wa kuikusanya, kuna kitu kinakusanywa. Nani atakihifadhi? Kitawekwa wapi? Wizara ya madini ilitaka uchunguzi zaidi kabla ya ujenzi kukubaliwa, na tarehe ya katikati ya 2019 ikaanza kuonekana kama matumaini tu. Mahusiano nayo hayakuwa mazuri. Aprili mwaka huohuo Gécamines ilikuwa imekwenda mahakamani kutaka KCC ivunjwe kwa sababu ya upungufu wa mtaji, na shauri likamalizwa Juni kwa madeni ya dola bilioni 5.6 kugeuzwa kuwa hisa. Kisha, mwishoni mwa mwaka, kobalti ikatangazwa kuwa madini ya kimkakati na mrabaha wake ukapandishwa hadi asilimia 10 kutoka asilimia 3.5.

La tatu lilikuwa la bei. Hili halikuhitaji mtaalamu. Wakati tangazo linatolewa bei sokoni London ilikuwa imeshashuka hadi karibu dola 55,000 kwa tani. Ilipofika katikati ya 2019 ilikuwa chini ya 30,000. Chukua zile tani 1,472 peke yake, na uzihesabu kwa bei ya chuma safi ingawa hidroksidi huuzwa kwa punguzo: Novemba zina thamani ya kama dola milioni 81, miezi minane baadaye hazifiki 45. Urani haikubadilika hata gramu moja katika muda huo. Kilichokula nusu ya thamani ni kungoja. Anayeuza nyanya Namanga au samaki Kasenyi hahitaji kufundishwa hesabu hii, isipokuwa kwamba kobalti haiozi na kwa hiyo inamdanganya mwenye nayo kwamba muda haumgharimu.

La nne halikusemwa kwa sauti kubwa, na kwa maoni yangu ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Glencore ilikuwa mwenye hisa mkubwa. Ilikuwa pia mkopeshaji mkuu wa Katanga Mining. Tena ilikuwa mnunuzi, kwa mikataba iliyoipa shaba na kobalti yote ya mgodi. Mwenye duka, mwenye deni na mteja ni mtu mmoja. Mzigo ukikwama, mtu huyo anaumia upande mmoja lakini ana pande nyingine mbili za kujishikia. Mwenye hisa mia tano kule Kanada ana upande mmoja tu.

Na mambo yalikwenda jinsi hofu hiyo ilivyoelekeza. Aprili 2019 KCC ilianza tena kuuza na kusafirisha kobalti, kwa kiasi kidogo, ile tu iliyotimiza kanuni za kimataifa na za Kongo za usafirishaji. Ghala lilianza kupungua, lakini soko lilikuwa limeshalala. Agosti mwaka huo Glencore ilitangaza kwamba mgodi wake mwingine, Mutanda, uliokuwa mkubwa kuliko yote duniani kwa kobalti, ungesimama mwishoni mwa 2019 (ulirejea baadaye). Mwishoni mwa 2019 Katanga Mining ilitoa hisa mpya zenye thamani ya dola bilioni 5.8, lengo kuu likiwa kulipa deni lake kwa Glencore. Mwenye hisa mchache ambaye hakuwa na fedha ya kununua hisa hizo mpya aliona fungu lake likiyeyuka. Glencore ikafikisha zaidi ya asilimia 99. Mwaka 2020 waliobaki walinunuliwa kwa senti 16 za Kanada kwa hisa moja, na jina la Katanga Mining likaondoka kwenye ubao wa Toronto. Mgodi upo, unazalisha, ni miongoni mwa wakubwa wanaogawiwa tani leo. Walioondoka ni wale waliouliza.

Watanzania wataona kitu wanachokifahamu hapa. Machi 2017 makontena ya makinikia ya dhahabu na shaba ya kampuni ya Acacia yalizuiwa, na 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam huku pande mbili zikibishana kuhusu kilichomo ndani. Hakukuwa na suala la mionzi. Ubishi ulikuwa wa dhahabu: kiasi gani, na nani alipima. Lakini mwenendo ulikuwa uleule. Mzigo ukasimama, hisa za London zikaanguka, mwenye hisa mkubwa Barrick akakaa mezani na serikali, na Septemba 2019 akawanunua wanahisa wachache. Ukiweka visa hivi viwili pamoja unaona kwamba kipimo chenye mgogoro huishia kumwondoa mdogo, hata kama yeye hana mkono katika kilichopimwa.

Angalau wale wa Toronto walikuwa na tangazo, tume ya kulalamikia na bei ya kuondokea, hata kama ni senti 16. Kwenye njia yetu mambo hutokea bila tangazo. Novemba 2007 huko Likasi, shehena ya mawe ya shaba yaliyokutwa na mionzi ilikamatwa, na amri ikatolewa ipelekwe Shinkolobwe ikahifadhiwe huko. Haikufika. Ilimwagwa katika mto Mura, ambao maji yake watu wa eneo hilo huyatumia, na serikali ikalazimika kutuma ujumbe kuchunguza na watu wakakamatwa. Kisa hiki kilivuma wiki mbili tatu kisha kikasahaulika. Mimi nakiona kama upande wa pili wa kisa cha KCC. Kampuni kubwa ikikuta mzigo wake hauna pa kwenda, ina ghala lenye ukuta, maabara na dola milioni 25 za kuahidi. Mwenye lori mbili tatu za mawe yaliyonunuliwa kwa wachimbaji wadogo hana hata kimoja. Mtaji wake wote uko ndani ya mawe hayo, gari ni la kukodi, na kila siku inayopita anadaiwa. Bila mahali rasmi pa kuupokea mzigo wa namna hiyo kwa gharama anayoiweza, vishawishi vinakuwa viwili tu: kuuchanganya kimyakimya na mzigo safi wa mtu mwingine, au kuutupa usiku.

Kuchanganya kunahitaji neno la ziada, kwa sababu kinafanywa na wengi na si kila mara ni kosa. Kiwanda kinachochanganya kwa kipimo, kikiwa na maabara na kibali, hadi mzigo wote uwe chini ya mstari, kinafanya kazi halali. Anayechanganya gizani kwenye uwanja wa nyuma Kasumbalesa, bila kupima, anahamisha tu hatari kutoka kwenye viroba vyake kwenda kwenye viroba vya jirani. Kontena moja likilia kwenye kifaa cha kupima mionzi bandarini, yanashikwa yote yenye hati hiyo. Tozo za kuchelewesha kontena hazimuulizi mtu kiroba chake kilikuwa kipi.

Vyombo vya kuzuia hili vipo kwenye karatasi. Kongo ina kamisheni yake ya nguvu za atomiki (CGEA), ina CEEC inayochukua sampuli na kuthibitisha madini, ina OCC inayokagua bidhaa zinazotoka. Zambia ina Mamlaka ya Kinga ya Mionzi. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC), ambayo wengi wenu mnaijua kwa vyeti vya mionzi vya vyakula na mbolea kuliko kwa madini. Kinachokosekana ni mmoja kukubali kipimo cha mwenzake. Cheti cha Kolwezi kinamtosha ofisa wa Kolwezi. Ukifika mbele unaweza kupimwa tena, kwa kifaa kingine, kwa ada nyingine, na majibu mawili yakitofautiana hakuna mtu wa tatu aliyekubaliwa na wote wa kuamua. Kwa jumuiya na kanda zinazozungumzia soko moja na forodha za pamoja mpakani, kipimo cha pamoja cha mionzi kwenye ukanda wa Kolwezi hadi Dar es Salaam ni jambo dogo kwa gharama na kubwa kwa faida. Nashangaa halijapewa hata robo ya muda unaotumika kujadili upana wa barabara.

Kwa sasa, kabla gari halijapanda, mwenye lori au wakala anaweza kuuliza mambo machache na asionekane mjuaji. Cheti cha mionzi kimetokana na sampuli ya mzigo huu au ni cha mzigo wa mwezi uliopita? Namba za viroba zilizoandikwa kwenye cheti ndizo zilizopo juu ya gari? Kimetaja bekereli kwa gramu, au kimeandika tu kwamba mzigo ni salama? Na mkataba wa usafirishaji unasema nani analipa gari likizuiwa kwa sababu ya kilichomo ndani ya mzigo, siku ya kwanza, siku ya kumi, siku ya arobaini? Mikataba mingi inayozunguka mpakani imeandika ajali, wizi na kuchelewa kwa dereva. Kuhusu mzigo wenyewe kuwa na kasoro iko kimya, na ukimya huo unamwangukia aliyeshika usukani.

Mgao wa sasa unafanya swali hilo kuwa zito zaidi kuliko mwaka 2018. Wakati ule KCC ingeweza kuzalisha zaidi mwezi uliofuata na kuuza tani safi huku ile yenye urani ikingoja. Sasa kampuni ina idadi ya tani kwa mwaka na basi. Mrabaha wa asilimia 10 unadaiwa kabla mzigo haujaondoka, na karatasi za kuthibitisha mgao zimeongezeka juu ya zile za zamani. Tani iliyopitishwa Kasumbalesa kisha ikagomewa bandarini ni tani iliyokula nafasi, ushuru na nauli bila kufika sokoni. Kishawishi cha kusukuma mbele mzigo ambao haujapimwa vizuri, ili nafasi isipotee, kinakua kadiri mwezi wa Desemba unavyokaribia, na Desemba ndio mwezi ambao foleni ya Kasumbalesa huwa haina huruma hata kwa mzigo safi.